Barua kwa mwanangu, kabla hujalipia chumba cha Fes

Morogoro, 12 Oktoba 2025

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya huko Dodoma. Sisi huku hatujambo. Bibi yako magoti yanamsumbua kama kawaida yake, lakini anakula vizuri, na kila asubuhi ananiuliza kama Taifa Stars wameshaondoka kwenda Moroko kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, nami namjibu kwamba bado kuna miezi miwili. Picha ulizonitumia nimezipokea na nimezitazama zaidi ya mara moja. Nimeamua kukuandikia barua badala ya kukujibu kwa ujumbe wa sauti, kwa sababu nakujua: ujumbe wangu wa sauti huwa unausikiliza nusu.

Nyumba mliyoichagua ni nzuri, sibishi. Ina ua wa ndani wenye chemchemi na vigae vya rangi, na ina dari ya juu ambako wageni hunywa chai asubuhi huku wakiutazama mji mkongwe wa Fes. Lakini umeniambia kwamba wewe na wenzako wawili mnataka kulipia hapo usiku wote, kuanzia tarehe 22 hadi 31 Desemba, kwa mkupuo mmoja na bila haki ya kurudishiwa fedha, kwa sababu mkifanya hivyo mnapunguziwa bei. Hapo ndipo nilipovua miwani nikaifuta, nikasoma upya.

Hebu tazama ratiba. Taifa Stars watacheza na Nigeria tarehe 23 Desemba mjini Fes, naam. Lakini mechi ya Uganda ya tarehe 27 na ile ya Tunisia ya tarehe 30 zote mbili ziko Rabat. Kati ya Fes na Rabat ni kilomita zipatazo mia mbili, na treni huchukua karibu saa tatu, maana ile treni ya kasi iitwayo Al Boraq haifiki Fes. Yenyewe hutoka Tangier hadi Casablanca kwa kupitia Rabat. Mtakuwa mnalala kwenye mji wa mechi moja na kusafiri kuzifuata mechi mbili. Tena mechi ya Uganda inaanza saa 12:30 jioni kwa saa za kule, ambayo huku kwetu ni saa 2:30 usiku, kwa hiyo hamtatoka uwanjani kabla ya saa tatu ya usiku wa huko. Wasichana watatu, mji mgeni, umati umefurika barabarani, na kitanda chenu kiko mwendo wa saa tatu kwa treni ambayo hamjui kama itakuwapo. Sitaki hata kuifikiria picha hiyo.

Unafahamu kwamba nimeendesha nyumba ya wageni miaka kumi na minane, lakini sidhani kama umewahi kuniuliza nilijifunza nini pale mapokezi. Nilijifunza kwamba mgeni huchagua chumba akiwa na nguvu zake, mchana, akiwaza atakavyofika. Kumbe chumba kinampa faida au hasara saa ile anayorudi akiwa amechoka. Waliokuja Morogoro kutazama Simba au Yanga wakicheza uwanja wa Jamhuri waliniuliza kila kitu kuhusu televisheni na kifungua kinywa, na hakuna aliyeuliza lango tunalifunga saa ngapi. Wewe uliza. Ukichagua mahali pa kulala kwa ajili ya mpira, anza na saa ya kutoka uwanjani, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua hadi mlangoni mwa chumba: nitatoka kwa usafiri gani, utanishusha wapi, kutoka hapo nitatembea kiasi gani, na nani atanifungulia.

Mimi mwenyewe, pamoja na huo uzoefu wote, nilifanya kosa hilohilo. Mwaka 2019, tulipokwenda Misri kwenye mashindano hayahaya na marehemu baba yako, yeye ndiye aliyechagua chumba, na alichagua Giza kwa sababu tangazo lilisema dirisha linatazama piramidi. Ni kweli lilitazama, ila ilibidi usimame juu ya kitanda na kuegemea ukuta ndipo uone ncha yake. Mechi yetu na Kenya ilichezwa tarehe 27 Juni, usiku, kwenye uwanja wa Juni 30, ambao uko mashariki kabisa mwa Cairo, ilhali Giza iko magharibi, ng'ambo ya mto Nile. Tulitoka mapema, au tulidhani ni mapema. Foleni ya Cairo usiku wa kiangazi si mchezo, kwa maana watu wa kule hukwepa joto la mchana na kumiminika nje jua likizama. Tulikuwa bado ndani ya teksi, tumekaa nyuma ya lori la matikiti maji, wakati sauti ya mtangazaji wa redio ilipopanda ghafla. Hatukuelewa neno lolote la Kiarabu isipokuwa "Tanzania" na "Msuva". Ilikuwa dakika ya sita. Baba yako alipiga kofi dashibodi hadi dereva akashtuka. Tulipoketi Kenya walikuwa bado hawajasawazisha, tukaona mengine yote, pamoja na bao la Samatta, na tukaona tulivyofungwa 3-2. Kurudi Giza tulifika alfajiri, tukakuta lango limefungwa kwa kufuli na mlinzi amelala fofofo, tukakaa kwenye ngazi hadi alipoamka. Mpaka anafariki, baba yako alikuwa akisema kwamba bao la Msuva alilisikia, hakuliona.

Basi ushauri wangu ni huu. Fes laleni usiku wa tarehe 22 na 23 tu, na tarehe 24 asubuhi pandeni treni kwenda Rabat. Hata hizo siku mbili, msilale ndani ya mji mkongwe. Binamu yako aliyesoma Rabat ameniambia kwamba gari haliingii kule. Teksi inakuacha kwenye moja ya milango ya ukuta, na kutoka hapo ni vichochoro ambavyo hata ramani ya simu hupotea, mizigo ikisukumwa kwa mkokoteni na mtu utakayemlipa. Mchana hilo ni jambo la kufurahisha. Usiku, baada ya mechi, halifurahishi hata kidogo. Uwanja wa Fes uko kusini, upande wa barabara iendayo Sefrou, na kituo cha treni kiko mji mpya uliojengwa enzi za Wafaransa. Tafuteni hoteli ya kawaida katika mji huo mpya, karibu na kituo, hata kama haina chemchemi. Mji mkongwe mtautembelea tarehe 23 asubuhi, mle, mpige picha, mtoke.

Kuna jambo jingine ambalo picha hazisemi. Nyumba zile za ua wa ndani, wao huziita riad, zimejengwa kupambana na joto: madirisha yanatazama uani, kuta ni nene, sakafu ni vigae. Desemba mambo hugeuka, kwa maana Fes hupata baridi kali usiku, kuliko hata ile ya Lushoto mwezi wa Julai. Unaposoma maoni ya wageni waliotangulia, usihangaike na alama walizotoa. Tafuta walioandika Desemba na Januari tu, na katika hao tafuta maneno mawili: hita na maji ya moto. Mgeni wa Mei atasifu kila kitu.

Kuhusu Rabat nina wasiwasi wa namna nyingine. Wenyeji, Moroko, wanafungua mashindano pale tarehe 21 dhidi ya Komoro, kisha wanacheza palepale tarehe 26 na tarehe 29. Yaani kila mechi yetu ya Rabat inatanguliwa, siku moja nyuma, na mechi ya mwenye nyumba. Watu kutoka miji yao yote watajaa pale, na nyingi kati ya hizo ni siku za likizo ya Krismasi ambapo Wazungu nao hushuka kusini. Hizo ndizo siku ambazo mimi, samahani mwanangu, nilikuwa napandisha bei ya chumba bila aibu. Na nilifanya baya zaidi: mteja aliyeshikilia chumba kwa simu bila kutuma hata senti, ikifika saa kumi na mbili jioni hajatokea, chumba chake nilikuwa nakiuza kwa aliyesimama mbele yangu. Wapo wenzangu waliofanya kibaya kuliko hicho, waliompigia simu mteja aliyelipia mapema kwa bei nafuu na kumwambia kwamba bomba limepasuka. Kwa hiyo hakikisheni uthibitisho wenu umeandikwa, una tarehe na jumla ya bei, na wiki moja kabla ya safari waandikieni mkiwataarifu saa mtakayofika. Mwenye nyumba humwogopa mgeni mwenye kumbukumbu. Naye akiwaambia mlipe pembeni, nje ya mtandao mliotumia kuweka nafasi, ili awapunguzie, mwacheni na nyumba yake.

Pia msidanganywe na tangazo linalosema "karibu na uwanja". Uwanja upi? Mashindano haya yanatumia viwanja vinne ndani ya Rabat peke yake, na havipo mahali pamoja. Someni jina la uwanja kwenye tiketi, halafu ndipo mpime umbali. Kwa maoni yangu, hata hivyo, kulala ubavuni mwa uwanja si lazima. Afadhali kulala karibu na kituo cha treni cha Agdal au kile cha katikati ya mji, mahali penye watu na maduka hadi usiku. Teksi ndogo za Rabat ni za buluu, za Fes ni nyekundu, hubeba abiria watatu tu na hazitoki nje ya mji wake, na ninyi mko watatu, kwa hiyo mmeenea. Mwambieni dereva awashe mita. Rabat ikiwa imejaa au bei imepaa mno, tazameni Salé, ng'ambo ya mto Bou Regreg, ambako tramu huvuka. Casablanca iko kama saa moja kwa treni, lakini hiyo iwe akiba ya mwisho.

Usiku wa tarehe 30 na kuendelea chukueni chumba kinachoweza kufutwa bila kupoteza fedha, hata kama kimezidi kidogo. Kutoka kila kundi zinapita timu mbili, na timu nne kati ya zile za tatu nazo zinapita, kwa hiyo huenda mkataka kubaki, na huenda safari inayofuata ikawa mji mwingine kabisa. Kumbuka kule Ivory Coast, Januari 2024: tulicheza San-Pédro mechi mbili, pwani ya kusini magharibi, kisha ya Kongo tukaichezea Korhogo, kaskazini mwa nchi. Aliyelipia vyumba vyote San-Pédro aliitazama hiyo kwenye televisheni.

Mengine ni madogo. Shilingi yetu haibadilishwi kule, bebeni euro au dola, mkabadilishe dirhamu mkishafika. Hoteli zao hutoza kodi kidogo kwa kila mtu kwa kila usiku, ambayo mara nyingi haimo katika bei ya mtandaoni, na mapokezi watataka kuona pasipoti. Viza na kile kitambulisho cha shabiki kinachoombwa kwa programu ya Yalla vishughulikieni kabla ya chumba, maana chumba bila uwanja ni kulala tu, na kulala unaweza kulala hapa kwangu bure.

Nitumie tena mtakachochagua kabla hamjalipa, na usinitumie picha ya chemchemi; nitumie ramani. Skafu ya Stars aliyokuwa nayo baba yako Cairo nimeifua na kuianika. Alhamisi nitaipakia kwenye basi la Dodoma, pamoja na ule mkoba wako wa kijani, kaipokee stendi. Ni ya sufu, itakufaa Fes.

Ni mimi mama yako akupendaye.