Msisage kalibu za kubania lagi

Mhariri,

Umezuka mtindo hapa Tanga wa kusaga kalibu za koleo la haidroliki, yaani vipande viwili vya chuma vya mdomoni mwake, kwa grinda ili zibane zaidi lagi, kile kichwa cha shaba kinachovikwa mwisho wa waya ili ufungwe kwa bolti. Nyaya zinazobanwa hivyo zinafungwa kwenye sola za majumbani, na kwenye betri za taa za vyombo vinavyovua dagaa usiku. Huko baharini kiungo kibovu hakisubiri mwaka.

Chanzo ni lagi nyembamba. Kalibu iliyoandikwa 35 hutengenezwa kwa lagi nene ya waya wa milimita 35 za mraba. Lagi nyepesi zina ukuta mwembamba, kwa hiyo kalibu zinagusana kabla shaba haijashikana, na waya unacheza. Fundi anasaga nusu milimita kila kipande. Tundu la kubania lina pande sita, yaani pembesita. Hapati pembesita ndogo; anapata pembesita iliyolala, kimo chake kimepungua milimita moja kwa jumla, ubavuni imebaki vilevile. Shaba iliyobanwa hukimbilia pembeni, inatoa mbawa mbili kwenye maungio ya kalibu, na nyuzi za waya za ubavuni zinabaki huru. Na chuma kikishageuka buluu kwa joto la jiwe la grinda, ugumu wake umepungua: kinaweza kuanza kutanuka chini ya nguvu ya koleo.

Kwa nje lagi hiyo inaonekana imeshika. Kwa hiyo bana kipande cha majaribio, kikate katikati kwa msumeno wa chuma, sugua uso kwa msasa namba 400, kisha utazame juani. Kazi nzuri inafanana na sega la nyuki: kila uzi umekuwa na pembe, hakuna tundu. Ukiona nyuzi bado ni duara na vitundu vyeusi katikati yake, hewa ya chumvi itapita humo humo na shaba itaota kutu ya kijani.

Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa gridi) ya wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 huvuta karibu ampea 100. Kiungo chenye ukinzani wa sehemu moja tu kati ya elfu ya omu kitatoa wati 10 za joto, zote mahali padogo kama kokwa ya tende. Plastiki inalainika, kutu inaongezeka, ukinzani unapanda, joto linazidi.

Dawa ni kununua lagi nene inayolingana na waya. Ikikosekana, bana kwanza kwa kalibu ya 35, kisha kwa ya 25, halafu ukate kipande cha majaribio kama nilivyoeleza. Mbawa ndogo ziondoe kwa tupa. Menya waya urefu wa shimo la lagi na milimita mbili zaidi, kwa kuwa lagi hurefuka inapobanwa. Anza upande wa tundu la bolti, malizia upande wa waya. Msipake risasi ya kulehemu kwenye nyuzi kabla ya kubana: risasi ni laini, hujisogeza taratibu chini ya mgandamizo, na kiungo hulegea. Kwa chombo cha baharini tumieni waya uliopakwa bati na mpira wenye gundi ndani unaonywea kwa moto. Tepu peke yake hufungia maji ya chumvi ndani.

Kitu pekee kinachoruhusiwa kuguswa kwenye kalibu ni ncha kali ya mdomo wake, na hiyo kwa msasa mwembamba wa mkono, ili isikate lagi. Iliyokwisha kusagwa haitengenezeki. Ipigwe alama ya X, isirudi kwenye kisanduku.

Fundi wa umeme wa jua,
Ngamiani, Tanga