Pleteleti zikizidi nazo tuziulizie

Mhariri, salamu kutoka Moshi.

Nimesoma ukurasa wenu wa afya juzi, ile habari ya juisi ya majani ya mpapai kupandisha chembe sahani, yaani pleteleti, zile chembe ndogo za damu zinazosaidia damu kuganda. Tangu dengue ya 2019 kule Dar watu wakisikia pleteleti wanajua zimeshuka basi, na kila jirani ana dawa yake ya kuzipandisha. Haya, sawa. Ila mbona zikipanda hakuna anayeshtuka? Mimi ni mstaafu wa maabara na hili jambo limeniudhi siku nyingi.

Ukiandikiwa FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe zote za damu, damu yako inatiwa kwenye kile kichupa cha kifuniko cha zambarau, mashine inasoma, inatema karatasi, halafu daktari macho yake yanakimbilia HB, yaani wingi wa damu, na chembe nyeupe. Mstari wa PLT, ndio pleteleti zenyewe, hata ukiwa na herufi H pembeni, kwamba zimezidi, unarukwa tu. Kawaida ni 150,000 hadi 450,000 kwa maikrolita, yaani laki na nusu mpaka laki nne na nusu. Nilishaona ya mama mmoja wa Kibosho, laki sita na ushee, alikuwa anazunguka kwenye vituo na tumbo limejaa, akila matonge mawili ameshiba, kitenge hakifungi tena kiunoni, huku ameshapewa dawa za typhoid, za UTI, za vidonda vya tumbo, na nyumbani wameanza kuulizana nani kamtupia jicho. Ultrasound alikuja kuandikiwa kachelewa, na ilikuwa kansa ya ovari, vile vifuko vya mayai ya uzazi, imeshasambaa tumboni.

Sasa inakuwaje pleteleti zinahusika na ovari? Mwaka 2012 timu ya Dk. Anil Sood wa hospitali ya kansa ya MD Anderson kule Houston, Marekani, ilitoa utafiti kwenye jarida la udaktari la New England Journal of Medicine, wanawake 619 wenye kansa hiyo, na asilimia 31 kati yao walikuwa na pleteleti zaidi ya 450,000 wakati ugonjwa unagundulika, na hao ndio waliokuwa wanaishi muda mfupi zaidi. Walichokikuta ni kwamba uvimbe wenyewe unatoa kitu kinaitwa intaliukini-6, hicho kinalichokoza ini litengeneze homoni ya trombopoietini kwa wingi, na homoni hiyo inaiamrisha uboho wa kwenye mifupa ifyatue pleteleti, halafu zile pleteleti zinarudi kuukuza uvimbe uleule uliozileta. Mkopo wa riba kabisa huo, unalipa na deni linanenepa! Na si hivyo tu, chembe ya kansa ikichoropoka ikaingia kwenye damu pleteleti zinaizingira, chembe za ulinzi zinashindwa kuifikia, ndo inapata nafasi ya kwenda kujishikiza mahali pengine.

Damu ya hawa wagonjwa pia inaganda ovyo, mguu mmoja unavimba na kuuma. Kwamba damu kuganda kunaweza kuwa ishara ya kansa alishalisema daktari Mfaransa Armand Trousseau mwaka 1865, na maskini naye akafa kwa kansa ya tumbo miaka miwili baadaye.

Jamani msije mkakimbilia hospitali ya KCMC kesho na karatasi mkononi mnalia. Pleteleti zinapanda kwa sababu nyingi na nyingi si kansa, upungufu wa madini ya chuma unazipandisha, maambukizi yanazipandisha, hata baada ya oparesheni. Na zikiwa kawaida haina maana ovari ziko salama, hao asilimia 69 wa Houston hawakuwa nazo nyingi. Nachosema ni hiki, mama wa makamo, hasa aliyevuka 50, tumbo linajaa wiki kwa wiki, anashiba haraka, nyonga zinauma, anakojoa kila saa, halafu PLT ina H, huyo asirudishwe na vidonge vya gesi, aandikiwe ultrasound na CA-125, kipimo cha damu kinachosaidia kuichunguza kansa ya ovari. Na akina mama mliopima mlango wa kizazi mkaambiwa mko safi, kile kipimo hakioni ovari, ni kitu kingine kabisa.

Junior aspirini pia naziona zinanunuliwa kama pipi hapa mjini, eti zinalainisha damu. Ni kweli watafiti wanazichunguza kwenye kansa hii lakini si ya kujipimia dukani, zinatoboa tumbo hizo. Tena mgonjwa akianza kemo, yaani dawa kali za kuua kansa, pleteleti zinaweza kushuka sana, hapo ukimpa aspirini bila daktari wake kujua unamtafutia kutokwa damu.

Ombi langu kwa vituo vyetu, mgonjwa akipimwa FBP apewe nakala ya karatasi aondoke nayo. Kuna sehemu wanaandika tu "damu iko sawa" kwenye daftari na karatasi inabaki kwao, sasa daktari wa mwezi ujao atajuaje PLT ilikuwa ngapi mara ya kwanza na inapanda au inashuka?

Mstaafu wa maabara,
Pasua, Moshi