Kwa wajukuu wangu wa kikundi cha kusoma: kwanza nendeni kijiweni

Wajukuu zangu,

Tamko lenu nimelisoma mara mbili. Kurasa nane juu ya otonomia, yaani wafanyakazi wajiamulie mambo yao bila kungoja chama cha siasa wala viongozi wa chama cha wafanyakazi. Tronti yumo, Negri yumo, wale wanafikra wa Italia. Ila waendesha bodaboda mnaowasemea, sikuona neno hata moja lililotoka kinywani mwao.

Hao Waitaliano hawakuanza hivyo. Mwaka 1961, mjini Torino, Raniero Panzieri na wenzake walianzisha jarida la Quaderni Rossi, na mwenzao Romano Alquati akaenda kuzungumza na wafanyakazi wa Fiat, watengeneza magari, kisha wa Olivetti, watengeneza mashine za chapa. Aliuliza kazi inavyokwenda, na watu wanavyoikwepa. Wengi walidhani Fiat pamelala. Wapi! Julai 1962 watu walipambana na polisi siku tatu pale Piazza Statuto, mbele ya ofisi ya chama cha wafanyakazi kilichokuwa kimetia saini mkataba na Fiat kivyake.

Kwenye kusikiliza huko ndiko Tronti alikopata hoja yake. Tumezoea kusema mtaji, yaani wenye mali, hutenda, wafanyakazi hujibu. Yeye aligeuza: wafanyakazi ndio wanaosukuma, mtaji unahangaika kuwadhibiti. Mimi nililiona hilo kabla sijalisikia jina lake. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikuwa umewakataza viongozi majivuno na ubabe, nasi kiwandani tukaushika neno kwa neno. Siku moja meneja akamtukana fundi wetu, tukazima mashine. Hakuna aliyetupanga. Haukupita mwezi, ofisi ya meneja ikatiwa mlango wa chuma, nasi tukagawiwa kadi za kuingilia getini. Nani alimjibu nani hapo?

Mirafiori, kiwanda cha Fiat huko Torino, 1969, ilikuwa hivyo hivyo kwa ukubwa wake. Vijana waliotoka kusini mwa Italia, ambao Torino wengine walikataa hata kuwapangisha vyumba, walidai nyongeza iliyo sawa kwa wote, siyo asilimia inayomnenepesha aliyekwisha kunenepa. Dai hilo lilitoka kwenye mstari wa kuunganishia magari. Miaka ya sabini Fiat ikaanza kuleta roboti za kuchomelea bodi.

Na hapa nina ugomvi nanyi kidogo. Mwaka 1972, huko Padova, Mariarosa Dalla Costa na wenzake walisema mama anayepika na kufua naye anamzalishia tajiri, kwa kuwa ndiye anayemwandaa mfanyakazi wa kesho. Wakadai mshahara wa kazi za nyumbani. Tamko lenu halina mwanamke hata mmoja. Mlipolikalia usiku kucha, chai nani aliwapikia?

Mwisho wa hao Waitaliano wenu pia mnaujua, ila mmeuruka. Wapo waliochoka kuuliza, wakashika bunduki. Tarehe 7 Aprili 1979 serikali ilimkamata Negri na wenzake wengi, na baadhi yao walikaa mahabusu miaka kabla ya kesi kuamuliwa. Oktoba 1980, mgomo wa Fiat ukiwa na siku 35, wasimamizi na makarani waliandamana Torino kudai kurudi kazini. Inasemwa walifika 40,000. Mgomo ukavunjika. Hao makarani, nani aliwahi kwenda kuwauliza chochote?

Kwa hiyo liwekeni tamko kabatini kwa sasa. Marx mwenyewe mwaka 1880 aliwaandikia wafanyakazi wa Ufaransa maswali yapatayo 100. Yenu yawe 10 tu. Nendeni kijiweni alfajiri, kabla abiria hawajaanza, mkae kwenye benchi la mama wa maandazi. Ulizeni pikipiki ni ya nani, hesabu ya tajiri kwa siku ni kiasi gani, programu ya simu ikimfungia dereva anamlalamikia nani, na akivunjika mguu nani anaendesha badala yake. Huyo mama mwulizeni pia, ana madeni ya nusu ya kijiwe kwenye daftari lake.

Majibu nileteeni Jumamosi, baada ya Alasiri. Nitakuwa barazani.

Babu yenu