Barua ya wazi kwa vijana watatu wa mchezo wa jini: mpaka mliokubaliana ulikuwa upi?

Wanangu,

Nawasalimu kwa upendo, ingawa ninaandika nikiwa bado na uchungu wa mambo ya Jumamosi. Nimeiacha barua hii iwe ya wazi kwa sababu kosa lenu si lenu peke yenu. Nimeliona kwa watu wazima wenye vyeo na mishahara minono, na nimechoka kulinyamazia.

Wasiokuwepo niwaeleze. Vijana hawa wametengeneza mchezo wa kompyuta kwa miezi mingi, usiku na mchana. Mmoja alitunga hadithi, wa pili akapiga hesabu za nguvu na majeraha, wa tatu akaandika programu. Katika hadithi yuko binti mwenye fimbo, anayekusanya nuru pango baada ya pango ili amkabili jini aliyefungwa ndani ya duara la majivu. Siku ya kuuonyesha mchezo, chumba kimejaa, binti akaingia pango la mwisho. Juu kwenye kona ya skrini nuru yake ilisomeka 32,700. Akaokota chupa yenye nuru 100. Watu wakapiga makofi. Namba kwenye kona ikabadilika, ikasomeka -32,736. Fimbo ikazimika, binti akaanguka kifudifudi kabla jini hajainua hata mkono.

Hilo halikunikasirisha. Programu huharibika, na mbele ya wageni ndipo hupenda kuharibika. Kilichonikasirisha ni maneno yaliyofuata. Mtunzi akasema, "Mimi nilisema tangu mwanzo, nguvu zake zina mpaka." Wa hesabu akajibu, "Na mimi mpaka niliutafuta nikauandika: hazizidi 40,000." Wa programu naye, uso umemwiva, "Mpaka ulikuwepo, ndiyo maana nikaziweka kwenye kisanduku cha biti 16." Kisanduku hicho ni nafasi ya kumbukumbu yenye tarakimu 16 za 0 na 1 tu. Mkatazamana kama watu waliosalitiana. Nikaomba daftari lenu la makubaliano. Ukurasa wa nne una mstari mmoja tu: "Nguvu ziwe na mpaka." Chini yake mmetia sahihi, wote watatu.

Miezi yote hiyo mmetamka neno moja, kila mtu na lake moyoni, na hakuna hata mmoja aliyemgeukia mwenzake akauliza: mpaka upi?

Wewe wa hesabu, nianze na wewe kwa kuwa namba yako ilikuwa kweli. Nimeipitia karatasi yako mstari kwa mstari. Ulihesabu chupa zote za mapango yote, ukachukulia binti hajapoteza hata tone, ukapata kwamba hawezi kuzidi 40,000. Ni sahihi. Lakini kumbuka kikomo cha juu ni kitu gani katika hisabati. Ni namba yoyote isiyopitwa. Kama 40,000 ni kikomo, 50,000 nayo ni kikomo, na milioni moja pia. Namba hiyo haimzuii binti kufanya lolote, wala si lazima aifikie. Chukua 0.9, kisha 0.99, kisha 0.999, uendelee hivyo bila kuchoka. Hakuna hata moja inayofika 1, na bado 1 ndicho kikomo cha juu kilicho kidogo kuliko vikomo vyote vya juu vya namba hizo. Yaani kikomo chenyewe kinaweza kuwa nje ya kundi linalokihusu. Mtu aliyezoea mpaka wa ukuta na geti hupata taabu sana hapa.

Katika hisabati, kikomo ni habari ya kile tulichofaulu kukithibitisha. Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, hakusema pai ni ngapi. Alichora umbo la pande 96 ndani ya duara na jingine la pande 96 nje yake, akathibitisha kwamba pai ni zaidi ya 3 na 10/71, na ni pungufu ya 3 na 1/7. Akaishia hapo, na hadi leo hakuna wa kumkosoa. Mwaka 2013 mwanahisabati Yitang Zhang alithibitisha kwamba jozi za namba tasa (zinazogawika kwa 1 na kwa zenyewe tu) zinazopishana kwa chini ya milioni 70 hazina mwisho, hata ukienda mbali vipi. Milioni 70 ni pengo kubwa mno, lakini kabla yake hapakuwa na namba yoyote iliyothibitishwa. Kufikia 2014, kwa kazi ya James Maynard na ya wengine wengi walioshirikiana, kikomo hicho kilishuka hadi 246. Wanahisabati wengi wanaamini kitafika 2, ila hilo bado halijathibitishwa. Katika muda huo wote namba tasa hazikusogea hata moja. Ni sisi tuliosogea.

Kwa hiyo ukimwambia mwenzako "zina mpaka," hujamwambia kama ni kubwa au ndogo. Umemwambia tu kwamba namba fulani ipo. Uliiandika namba yenyewe, 40,000, kwa kalamu nzuri, kisha ukaifungia kwenye jalada lako. Hapo ndipo lawama yako ilipo, na inaishia hapo.

Sasa wewe uliyeandika programu. Kaa vizuri.

Kisanduku cha biti 16 chenye alama ya kuongeza na kutoa hubeba kuanzia -32,768 mpaka 32,767. Ulilijua hilo, nimekuuliza, ukanitajia bila kutazama popote. Ulisikia "nguvu zina mpaka," ukaridhika, kana kwamba kila chenye mpaka lazima kienee kwenye kisanduku chako. Kumbe kompyuta haioni mpaka kama wewe unavyouona. Ikifika 32,767 ukaiongezea 1, haipigi kelele, haisimami, haikuulizi. Inazunguka hadi chini kabisa, inakupa -32,768, na inaendelea na kazi kwa utulivu uleule. Huko kwenye mashine mpaka ni wajibu. Asipokuwepo wa kuukagua, haupo.

Usidhani ni jambo la michezo. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza. Ndani yake mlikuwa na programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4, na mahali fulani namba ya biti 64 iliingizwa kwenye kisanduku cha biti 16, kama chako. Waliokuwa na kazi hiyo walikuwa wameona namba saba zenye hatari ya aina hiyo. Nne wakaziwekea kinga, tatu wakaziacha, wakiamini hazitafika huko. Kwa Ariane 4 zisingefika, maana njia yake ya kupaa ilikuwa nyingine. Ariane 5 ilikwenda kwa kasi kubwa zaidi, na kiasi cha sekunde 40 baada ya kuanza safari ikapasuka angani. Imani ya watu hao ilikuwa na sababu, ila sababu hiyo ilikuwa ya roketi nyingine.

Na kisha liko lile "mpaka" ambalo ninyi hamlisikii kwa kuwa mmekua nalo mdomoni. Nikikuambia "soma ukurasa wa 1 mpaka wa 10," wa kumi umo au haumo? Mmoja ataufunga ukurasa wa 9, mwingine ataumaliza wa 10, na wote wamenitii. Safu, yaani orodha ya vyumba vya kumbukumbu vilivyopangwa mfululizo, ikiwa na vyumba 10, katika lugha nyingi za programu, huhesabiwa kuanzia 0 na kuishia 9. Anayeandika kitanzi, yaani amri inayojirudia, cha "0 mpaka 10" akiwa na maana ya kuingia hadi wa 10 ameshatia mguu kwenye chumba cha jirani. Wakati mwingine jirani hayupo na programu inaanguka papo hapo. Hiyo ni bahati. Wakati mwingine jirani yupo, na umesoma barua zake.

Hilo la kusoma barua za jirani lilitokea kwa ulimwengu mzima. Aprili 2014 lilitangazwa kosa lililopewa jina la Heartbleed, ndani ya OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya seva nyingi za intaneti, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine. Kompyuta moja humwambia seva, "Nirudishie neno hili, lina herufi kadhaa," ili kujua kama bado yuko hai. Seva hakuwa anahesabu. Ukimpa neno fupi ukadai lina herufi elfu nyingi, alikurudishia neno lako pamoja na chochote kilicholala jirani yake kwenye kumbukumbu, hadi kilobaiti 64 kwa ombi moja: nywila, funguo za siri, maneno ya watu. Kosa lilikuwa limekaa humo kwa takriban miaka miwili. Dawa yake ilikuwa kulinganisha urefu uliodaiwa na urefu wa kweli, na kulitupa ombi lisilolingana.

Sasa nifike penye kidonda. Nilipokuuliza kwa nini ukaguzi wa programu, ule wa kutazama kama namba inaenea, haukupiga kengele, ulisema uliuzima ili mchezo uende haraka. Uliuzima! Ulipokuwa peke yako unajaribu, na hakuna wa kudhurika, ulikuwa umeuwasha. Siku watu wamekuja, ukauzima. Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta, alipopokea Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya fani hiyo, mwaka 1980, alisimulia habari ya programu ya kutafsiri Algol, lugha ya kuandikia programu, ambayo yeye na wenzake waliiunda miaka ya sitini. Kila faharasa, yaani namba ya chumba, ya kila safu ilikaguliwa juu na chini wakati kazi inaendeshwa. Baadaye wateja waliulizwa kama wangependa njia ya kuzima ukaguzi huo ili wapate kasi. Walikataa kwa kauli moja, kwa kuwa walishaona makosa hayo hutokea mara ngapi. Watu hao walikuwa na mashine ambazo ukiziweka kando ya simu yako ni konokono, na bado walikubali kupoteza muda. Wewe una mashine yenye nguvu kupindukia, ukabana ukaguzi.

Lakini si haki nikugombeze wewe peke yako. Nani alikufundisha kwamba kasi ndiyo sifa? Ni sisi. Tunampongeza aliyemaliza mapema. Katika vikao, kijana akiuliza "mpaka mnaosema ni upi hasa, na nani anaukagua," wakubwa wanatazama saa. Shuleni tunawadai jibu moja lenye mstari chini yake, na mwanafunzi anayesema "ni kati ya hapa na hapa, na ninaweza kuthibitisha" tunamwambia hajamaliza. Archimedes angefeli mtihani wetu. Jamii inayomwona muulizaji kuwa mchelewesha kazi isishangae roketi zikipasuka.

Mtunzi, mwanangu, wewe nimekuweka mwisho kwa kuwa hadithi yako ndiyo iliyonifanya nije Jumamosi zote zile.

Katika hadithi za maajabu neno letu lina uso wa namna yake. Kuna mpaka wa mstari, kama lile duara la majivu. Kuna kifungo, kama nadhiri inayomfunga jini asiweze kutaja jina lake. Na kuna bei, ile nuru inayompunguzia binti kumbukumbu za mama yake kila anapoitumia, hapo uliniliza. Yote hayo hakuna anayeyathibitisha, na hakuna mashine ya kuyakagua. Yanasimama kwa neno lako tu. Ndiyo maana katika pango la tatu niliumia. Jini alinyoosha mkono nje ya majivu akamshika binti kifundo cha mguu, kwa sababu ulitaka tuogope. Tuliogopa mara moja. Baada ya hapo duara halikuwa na maana tena, na sikumwogopa jini wala sikumhofia binti, kwani nilijua lolote linaweza kutokea wakati wowote utakapolihitaji.

Kumbuka yule mvuvi wa Alfu Lela Ulela na jini wa chupa ya shaba. Mvuvi hana nguvu wala uchawi. Anamwambia jini haamini kwamba mwili mkubwa hivyo ulienea humo ndani, jini anarudi kumwonyesha, mvuvi anaziba kwa kizibo chenye muhuri wa Suleimani. Hila hiyo ina utamu kwa kuwa muhuri unashika kweli. Ungekuwa muhuri unaoshika leo na kuachia kesho, mvuvi angekuwa mjinga mwenye bahati.

Mengine nayataja tu, mtayafanyia kazi. Andikeni kikomo cha chini pia, maana nuru yenu hamkusema kama inaweza kuwa chini ya sifuri. Semeni namba ya mwisho imo au haimo. Tumieni "kikomo" kwa namba, "mpaka" kwa mstari usiovukwa, "kifungo" kwa jini na nadhiri zake, na msichanganye. Saa za kompyuta zinazohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32 zitajaa tarehe 19 Januari 2038. Mtakuwa bado vijana, jiandaeni.

Jumamosi ijayo nitafika saa nne asubuhi. Msiwashe kompyuta kabla sijaja. Fungueni ukurasa wa nne, mkate ule mstari, na kila mmoja aandike wake kwa mkono wake huku wenzake wakisoma: namba ya juu na jinsi ilivyopatikana, kisanduku na ukaguzi wake, duara na kinachoweza kulivunja. Pango la tatu litungwe upya. Kisha mnipe mimi kidhibiti, nimchukue yule binti kutoka alipoanguka, nione kama atafika kwenye majivu.

Mzee wenu anayewapenda.