Risala ya Wafugaji wa Ng'ombe wa Maziwa wa Muheza kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, viongozi wa kijiji, wafugaji wenzetu, mabibi na mabwana,

Karibu sana. Kwanza utuwie radhi kwa vichupa vitatu tulivyokuwekea mezani kando ya soda. Ndani yake ni kupe. Wamo kwenye spiriti, wamekwisha kufa. Tuliwatoa kwenye ng'ombe wetu wiki hii, na ndio waliotufanya tukusumbue uje.

Cha kwanza ni kupe wa kahawia, wa masikioni. Ukikunjua sikio la ndama asubuhi unamkuta humo, wamebanana kama mbegu za papai. Ndiye mleta ndigana kali: tezi zinavimba, homa inapanda, povu puani, na ndama uliyemtegemea anakwenda. Kupe huyu hapendi ukame. Yupo kwetu, yupo Kanda ya Ziwa na Nyanda za Juu Kusini, ila ukienda Dodoma ni adimu.

Cha pili ni yule mkubwa wa madoadoa, anayeng'ang'ania kwapani na kwenye kiwele mpaka chuchu inaharibika. Huleta maji moyo, ugonjwa unaojaza maji kwenye kifuko cha moyo. Kwenye nyika kavu za Umasaini kuna ndugu zake wanaofanya kazi hiyo hiyo.

Kichupa cha tatu ndicho kinachotunyima usingizi. Ni kupe wa bluu, na wapo wa aina mbili: mwenyeji, na mgeni mwenye asili ya Asia. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Mtaalamu huwaweka kwenye hadubini akahesabu safu za meno mdomoni: mwenyeji tatu kila upande, mgeni nne kila upande. Huku pwani mgeni amemfukuza mwenyeji sehemu nyingi. Milimani kwenye baridi mwenyeji bado anajitetea. Mgeni huyu (si wewe, Ndugu Mgeni Rasmi) huanza akiwa mdogo na kukua juu ya ng'ombe mmoja kwa wiki tatu hivi, akidondoka ni kwenda kutaga mayai kwa maelfu. Huleta ndigana baridi, ugonjwa wa kuishiwa damu, na ule wa kukojoa damu, na ni mwepesi sana kuizoea dawa ya kuulia kupe.

Hapo nasi tuna kosa. Josho letu, birika la kuogeshea ng'ombe kwa dawa, limepasuka, halishiki maji, kwa hiyo kila mmoja ananyunyizia kwa bomba lake. Dawa ikipanda bei tunazidisha maji. Kupe wanaoga, hawafi, na watoto wao wanazaliwa wameshaizoea.

Tunaomba mambo mawili. Josho lizibwe kabla ya masika, na mtaalamu atupimie ni dawa ipi bado inawaua kupe wa hapa, maana ushauri wa jirani umetufikisha tulipo.

La chanjo ya ndigana kali tumeanza wenyewe. Inatunzwa kwenye naitrojeni ya majimaji yenye baridi kali, na mrija mmoja ni wa ng'ombe 40. Ukishafunguliwa lazima uishe ndani ya saa chache. Mwenye ndama wawili peke yake hawezi, ndiyo maana tumeorodheshana. Mpaka jana jioni tumefika ndama 37. Tunasikia nyumbani kwako unao watatu.

Tunaomba kuwasilisha.