Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Ununuzi, Jeshi la Polisi: bastola ya askari isichaguliwe kwa bei ya kwenye karatasi

Afande Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu za heshima. Nimeambiwa zabuni ya bastola mpya za askari wa doria imefika mezani kwako, na kwamba mwenye bei ya chini ndiye anayeelekea kushinda. Kabla ya kustaafu nilifundisha shabaha na kutunza ghala la silaha kwa miaka ishirini na miwili. Nakuandikia hadharani kwa sababu watakaozibeba bastola hizo hawatakuwa kwenye kikao chenu, na raia atakayesimama nyuma ya mhalifu siku risasi zitakapolia hatakuwepo pia.

Nianze na nililoliona kwa macho yangu. Mwaka mmoja tuliletewa bastola mpya, rahisi kuliko zote zilizoshindanishwa. Zilifika zimepangwa vizuri kwenye makasha, zinang'aa kwa mafuta. Asubuhi ya kwanza uwanjani, askari mmoja wa kike, mwenye bidii uwanjani, alifyatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha kimya. Nilisogea nikatazama. Risasi ya nne ilikuwa imeinamisha pua, imegota chini ya mdomo wa mtutu, na slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, imeishia njiani. Akafanya kama alivyofundishwa: akachomoa magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, akavuta slaidi, risasi ikaanguka mchangani, akarudisha magazini, akakoki, akaendelea. Risasi mbili tu, ikagota tena. Alipomaliza hakusema neno. Alininyoshea mkono wa kushoto nikaona ngozi imechubuka kwa kuvuta chuma kile mara kwa mara.

Jioni tulifungua zote mezani. Mtutu ulikuwa mzima, pini nzima. Ubovu ulikuwa kwenye magazini: midomo ya bati imekunjwa bila usawa, springi legelege. Tuliagiza nyingine, tukangoja miezi minane, na muda wote huo askari wakarudi kubeba bastola kuukuu ambazo tulikuwa tumeshaziandikia kustaafu. Kiasi kilichookolewa kwenye zabuni kiliisha kwenye magazini, na bado tulikuwa na deni la imani: askari aliyeona bastola yake ikigoma mara mbili uwanjani haiamini tena, hata ukimtengenezea vipi.

Kwa hiyo neno langu kwako ni moja. Bei ya bastola ihesabiwe kwa maisha yake yote, na katika hesabu hiyo mazoezi yapewe fungu kubwa kuliko chuma.

Tufanye hesabu hiyo pamoja. Askari akipiga risasi 50 kwa mwezi, ambazo ni chache, kwa mwaka amepiga 600. Kwa miaka 10 ni 6,000. Weka gharama ya risasi 6,000 kando ya gharama ya bastola moja iliyozifyatua, utaona kwamba tunabishana kuhusu kikombe huku ndoo inavuja. Ongeza magazini, angalau tatu za kazi kwa kila askari na nyingine za mazoezi, maana za mazoezi huangushwa chini kila siku na ndizo zinazokufa mapema. Ongeza springi ya kurudisha slaidi, ambayo huchoka baada ya risasi elfu kadhaa na lazima ibadilishwe kwa ratiba, isingojwe mpaka ikatike. Ongeza mafunzo ya fundi wa silaha. Tofauti kati ya bastola rahisi na bastola nzuri ya kawaida ni ndogo mbele ya mambo hayo yote.

Nasema nzuri ya kawaida kwa makusudi. Sikuombi ununue ya kifahari, wala simtafutii mtu biashara. Askari wa doria anahitaji bastola ya risasi zenye kipenyo cha milimita 9, ya muundo uliokwisha kuzoeleka duniani, yenye vipuri vinavyopatikana na mikoba ya kiunoni iliyotengenezwa kwa umbo lake. Jeshi la Austria lilipoichukua bastola ya Glock 17 mwaka 1982, wengi waliicheka kwa sababu kiunzi chake kilikuwa cha plastiki. Kilichoipa nguvu ni uchache wa vipande vyake, na kwamba fundi mmoja mwenye kisukumio kidogo cha chuma aliweza kuifungua yote mezani na kuirudisha. Leo watengenezaji wengine kadhaa wana bastola za namna hiyo hiyo, na baadhi ni rahisi zaidi. Shindanisheni hizo. Ila ile ambayo haijawahi kubebwa na jeshi lolote la polisi kwa miaka kadhaa, wengine waitangulie, sisi tusiwe uwanja wake wa majaribio.

Najua kuna maafisa wanaotaka risasi kubwa kuliko milimita 9. Hoja hiyo ina historia na yafaa wajumbe wako waijue. Tarehe 11 Aprili 1986 mjini Miami, maafisa wanane wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walipambana na majambazi wawili. Maafisa wawili waliuawa, watano wakajeruhiwa. Risasi moja ya milimita 9 ilimwingia jambazi mmoja mapema, ikasimama kabla ya kufika moyoni, naye akaendelea kupigana. Baada ya hapo FBI walihamia risasi ya milimita 10, ikaonekana ina teke, yaani msukumo wa kurudi mkononi, kali mno kwa watu wengi, na mwaka 1990 ikatoka .40 S&W, risasi fupi ya kipenyo hicho hicho, ambayo majeshi mengi ya polisi Marekani yaliipokea. Hiyo nayo ilikuwa na teke kuliko 9, ikachosha mikono na bastola zenyewe. Karibu na mwaka 2015 FBI wenyewe walirudi kwenye milimita 9. Walikuwa wamejifunza kwamba la kutazama ni jinsi risasi ilivyoundwa, yaani iingie kiasi gani na itanuke vipi, na kwamba askari hupiga kwa haraka na kwa usahihi zaidi akiwa na risasi isiyomrusha mkono. Kipimo chao ni kuifyatua kwenye jeli maalumu inayoigiza nyama ya mwili: risasi ya kazi iingie kati ya inchi 12 na 18, kama sentimita 30 hadi 45. Chini ya hapo haifiki panapohitajika, juu ya hapo inatoka upande wa pili na kumtafuta mwingine.

Hapo niongeze neno kuhusu risasi za kichwa chenye tundu. Wapo wanaoziona za kikatili, na ni kweli Azimio la The Hague la 1899 lilizuia risasi za kutanuka vitani. Lakini polisi wa nchi nyingi huzibeba kwa sababu ya mpita njia: hutanuka ndani ya mwili na kupoteza nguvu humo humo, ilhali ile ya kichwa kizima hupenya na kuendelea na safari. Mkizinunua, bastola ijaribiwe kwa hizo hizo. Nimeona bastola inayokula risasi za mazoezi bila shida ikazikataa za kazi, kwa sababu pua yake butu inagota pale ile ya mviringo inapoteleza.

Sasa jaribio lenyewe. Msikubali bastola mbili alizozichagua muuzaji na kuzileta kwenye begi. Chukueni kasha lililofungwa, mtu wenu achomoe kumi bila kuchagua, na kila moja ipigwe risasi 2,000 bila kusafishwa katikati. Ipigwe kwa mkono wa kulia na wa kushoto. Ipigwe na mtu aliyelegeza mkono, maana majeruhi hashiki bastola kwa nguvu. Ilowe, ipate vumbi, ipigwe tena. Kila mgomo uandikwe: bastola namba ngapi, magazini namba ngapi, risasi ya ngapi, ilikwama vipi. Magazini zipewe namba kwa rangi, na hili nalisisitiza kwa sababu ndilo lililotuponza sisi. Bila namba, magazini moja mbovu huzunguka uwanja mzima na kuzisingizia bastola kumi.

Iangusheni pia, ikiwa na risasi tupu yenye kiwashio peke yake. Kiwango kinachotumika sana ni urefu wa kama mita 1.2, lakini ianguke kwa kila pembe, hasa kisogo cha slaidi kikitangulia chini. Januari 2017 jeshi la nchi kavu la Marekani liliichagua bastola ya SIG Sauer P320 baada ya mashindano marefu. Agosti mwaka huo huo ikadhihirika kwamba P320 zilizokuwa zikiuzwa kwa raia na polisi zinaweza kufyatuka zikianguka kwa pembe fulani, na kampuni ikatangaza kuzirekebisha triga kwa hiari ya mwenye silaha. Ikiwa hilo liliweza kuipita kampuni kubwa kiasi hicho, cheti cha muuzaji kisiwatoshe.

Kuna jambo la mikono. Vikao vya ununuzi mara nyingi hujaa wanaume wenye viganja vipana, bastola ikizungushwa mezani kila mmoja anaona inamtosha. Yule askari wangu wa mkono uliochubuka alikuwa na vidole vifupi. Ili ncha ya kidole ifike kwenye triga ilimbidi auzungushe mpini kiganjani, na teke likawa linampiga kwenye kifundo cha kidole gumba badala ya kwenye uvungu wa kiganja. Kwa miaka tulimwandika kwenye daftari kuwa "anavuta kushoto". Siku alipopewa bastola yenye mpini unaobadilishwa kigongo, kile kipande chake cha nyuma, tukaweka kile chembamba, risasi zake zikakusanyika katikati ndani ya asubuhi moja. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Andikeni kwenye masharti ya zabuni kwamba mpini uwe na vigongo vya ukubwa tofauti, na kila askari apimwe, kama apimwavyo viatu.

Triga isiwe nzito kupita kiasi kwa matumaini kwamba uzito utamzuia askari asifyatue kwa bahati mbaya. Polisi wa New York kwa miaka mingi walibeba bastola zenye triga ya zaidi ya kilo 5, wakati ya kawaida kwa bastola hizo ni kama kilo 2 na nusu. Agosti 2012, karibu na jengo la Empire State, askari wawili walimfyatulia muuaji mwenye silaha risasi 16, na wapita njia tisa wakajeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vyake. Kulikuwa na umati na muda mfupi mno, siwahukumu askari wale. Lakini mtu yeyote aliyefundisha shabaha anajua kwamba ukikaza triga zaidi ya nguvu ya kidole, mtutu unatikisika kabla risasi haijatoka. Kinachozuia ajali ni kidole kukaa nje ya triga, na kidole hakizoei hivyo bila kurudiarudia. Ajali nyingi nilizoziona zilitokea ghalani, mtu anafungua bastola asafishe. Baadhi ya bastola hudai uvute triga kabla ya kuifungua, kwa hiyo mkinunua za namna hiyo kila kituo kiwe na pipa la mchanga la kuelekezea mtutu, na aifunguaye atazame tundu la kukalia risasi, alipapase kwa kidole, kisha atazame tena.

Mkoba wa kiunoni usinunuliwe kwa chenji iliyobaki. Uwe wa kufunga, unaoachia kwa mwendo wa mkono wa mwenyewe tu, kwa sababu ukamataji mwingi huishia kwenye kushikana mwili.

Na kama bajeti kweli haitoshi, kuna njia ambayo wakubwa huiona aibu nami siioni hivyo: bastola zilizotumiwa na polisi wengine. Nyingi huwa zimesuguliwa nje na mkoba mpaka rangi imetoka, lakini ndani hazijapigwa sana, maana zimebebwa miaka kumi na kufyatuliwa mara chache kwa mwaka. Sharti langu ni fundi wetu azikague moja moja, springi zote zibadilishwe, magazini ziwe mpya. Vilengeo vya kung'aa usiku vitazamwe gizani, kwa sababu tritiamu iliyo ndani yake hupungua nusu kila miaka kama 12, na kilengeo cha zamani huonekana kizima mchana na kufifia usiku unapokihitaji. Bastola ya namna hiyo kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika naichukua mbele ya bastola mpya isiyojulikana, na mwanangu angekuwa askari ningempa hiyo.

Ombi langu, Afande, ni asubuhi moja. Kabla ya kusaini, njoo uwanjani na wajumbe wako. Waite askari watatu wa doria, mmoja awe mwenye vidole vifupi kuliko wote kituoni, na mmoja anayetumia shoto. Wape kila bastola iliyobaki kwenye mashindano, simama nyuma yao, wasikilize wanaposema na watazame wanapokaa kimya. Mimi nitakuja kwa nauli yangu kushika daftari la migomo.

Wako mtiifu,

Mkufunzi mstaafu wa shabaha