Kwa nini hatufungi regyuleta yenye grisi kwenye mtungi wa oksijeni

Mara kwa mara mteja hutuletea regyuleta (kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi inayotoka mtungini) iliyokaza, ameshaipaka grisi ili izunguke vizuri, kisha anashangaa tunapokataa kuifunga kwenye mtungi. Wengine hukasirika. Tunawaelewa, maana kwenye mashine nyingine zote grisi ni rafiki wa fundi. Kwenye oksijeni grisi ni moto unaosubiri sababu.

Oksijeni yenyewe haiungui. Kazi yake ni kuunguza vingine. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, na vitu vinavyotuzunguka tumezoea kuviona vikiwaka kwa kasi ya hewa hiyo. Ikipanda ikapita asilimia 23 tu, tayari mambo yamebadilika: nguo ambayo ingefuka moshi taratibu inalipuka moto, na cheche ambayo ingejizimikia inapata chakula. Ndani ya mtungi hamna asilimia 23, ni oksijeni takriban tupu. Fundi anayekata chuma kwa gesi anauona ukweli huu kila siku. Mwali hukipasha chuma mpaka kiwe chekundu, kisha akibonyeza oksijeni, chuma chenyewe kinaungua na kukatika. Ikiwa chuma kinaungua, grisi itasalimikaje?

Sasa tazama kinachotokea mkono unapofungua valvu. Mtungi uliojaa huwa na shinikizo la baa 150 hadi 200. Ukifungua kwa mkupuo, gesi hukimbilia kwenye kijinafasi kidogo cha regyuleta, inajibana, na kwa kufumba na kufumbua joto lake linapanda mamia ya nyuzi. Ndivyo injini ya dizeli inavyowasha mafuta yake bila plagi. Hapo hapo kama kuna alama ya oili, vumbi la chuma au sili (kizibo cha kuzuia gesi isivuje kwenye maungio) isiyofaa, inashika, na regyuleta inaweza kupasuka ikitema moto usoni kwa aliyeifungua. Hakuna kiberiti kilichohitajika.

Kwa hiyo mafundi wetu wananawa mikono kabla ya kugusa valvu, na spana za oksijeni hazichanganywi na za gereji. Kabla ya kufungua, legeza kabisa skrubu ya kurekebisha shinikizo. Simama pembeni, uso usielekee geji, yaani kipimo cha shinikizo. Fungua pole pole, robo mzunguko kwanza, uache sindano ya geji ipande yenyewe. Sili iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya oksijeni. Kipande cha mpira ulichokata mwenyewe hakifai hata kama kinaziba vizuri, na regyuleta ya gesi nyingine usiilazimishe.

Jambo linalotutia hofu kuliko yote ni oksijeni kutumika badala ya hewa ya kompresa: kupuliza vumbi kwenye nguo, kuzibua bomba la mafuta, kuburudisha chumba chenye joto. Tafadhali, usifanye hivyo hata mara moja. Oksijeni haina harufu wala rangi, ni nzito kidogo kuliko hewa, na hujificha ndani ya nyuzi za nguo. Mtu anaweza kutoka pale akiwa mzima, akawasha sigara, akawaka yeye. Ukihisi nguo zako zimepata oksijeni nyingi, toka nje penye upepo, uzipunge kwa dakika 15 au zaidi, na ukae mbali na moto.

Januari 27, 1967, wanaanga watatu wa Marekani, Grissom, White na Chaffee, walikufa chomboni wakiwa bado ardhini, kwenye mazoezi ya Apollo 1. Chumba chao kilikuwa kimejazwa oksijeni tupu, na nailoni na vitu vingine vya kawaida vilivyokuwa ndani viliwaka kwa kasi ambayo haikuwapa nafasi ya kufungua mlango.

Kwa wanaomuuguza mtu nyumbani, hatari ni ile ile, hata kama mnatumia mashine ya kuchuja oksijeni na si mtungi. Asivute mtu sigara chumba hicho, mgonjwa mwenyewe wala mgeni. Mishumaa na jiko viwe mbali, mita tatu angalau. Midomo na pua vikikauka, msimpake mafuta ya mgando. Ombeni duka la dawa jeli yenye asili ya maji. Na mnapotoa mipira puani, zimeni mashine. Mkiiacha ikipuliza juu ya kitanda, shuka na godoro vinanyonya oksijeni.

Mtungi unapokwisha, bakiza shinikizo kidogo ndani, funga valvu, rudisha kifuniko. Valvu ikigoma, usiipake chochote wala usiigonge. Iwekee alama ya chaki, utupigie simu, tutakuja kuubadilisha mtungi mzima.